Pampu ya joto: ya hewa au ya ardhini?

Pampu ya joto ni mashine ya kupasha nyumba joto: ya hewa huchota joto kutoka hewa ya nje, ya ardhini kutoka udongoni. Zote mbili hazizalishi joto, hulihamisha tu. Ndiyo maana uniti 1 ya umeme huweza kuingiza ndani uniti 3 za joto. Wakati wa joto, valvu hugeuza mzunguko wa kimiminika kinachobeba joto, na nyumba ikapozwa.

Ya hewa ni rahisi kufunga. Ila baridi ikizidi, hapo unapoihitaji hasa, nguvu zake hupungua: barafu nyeupe hufunika koili ya nje (mabomba yaliyopindwa yanayochota joto hewani), na mashine hulazimika kugeuza mzunguko kwa dakika chache ili kuiyeyusha.

Ya ardhini huchota joto kwa mabomba yaliyofukiwa, ambako halijoto haiyumbi sana mwaka mzima. Hula umeme kidogo, lakini uchimbaji ni ghali mno. Kwa nyumba ndogo ningechukua ya hewa, na pesa iliyobaki nizibe nyufa za madirisha.