Cheti cha uuguzi na ukunga chuo binafsi Dar: nilichokilipia na nilichokipata

Nimemaliza Astashahada ya Uuguzi na Ukunga kwenye chuo kimoja binafsi hapa Dar es Salaam, na kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka simu yangu haitulii. Mdogo wake rafiki yangu, mtoto wa shangazi, mama mmoja wa kanisani, wote swali lao moja: kile chuo kinafaa? Nimeona niandike yote hapa mara moja. Jina la chuo naliacha makusudi. Ninayoyasema yanahusu vyuo vingi vya aina yake, na baadhi ya walimu wangu bado wako pale na ni watu wa heshima zao.

Kwa kifupi, darasani pesa yangu niliiona. Wodini nilijitafutia mwenyewe.

Kwanza ujue unalipia nini. Kozi inakwenda kwa ngazi za NTA, yaani ngazi za kitaifa za tuzo za elimu ya ufundi. Level 4 ni mwaka wa kwanza, level 5 wa pili, hapo unatoka na Astashahada. Ukiongeza mwaka wa tatu, level 6, ndiyo Stashahada, yaani diploma. Serikalini mwenye cheti anaajiriwa kama Muuguzi Daraja la II, mwenye diploma kama Afisa Muuguzi Msaidizi. Mtaani wote ni manesi, tofauti utaiona mwisho wa mwezi. Kuingia unahitaji ufaulu usiopungua D nne za kidato cha nne kwenye masomo yasiyo ya dini, na humo Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima ziwemo. Kiingereza wanasema ni nyongeza tu, lakini masomo na mitihani yote ni kwa Kiingereza, kwa hiyo hiyo nyongeza utaihitaji wiki ya kwanza.

Na yale matangazo ya kwenye nguzo za umeme na magrupu ya WhatsApp, "Unesi miezi sita, cheti na ajira uhakika", kaa nayo mbali. Baraza la Uuguzi na Ukunga halitakusajili kwa karatasi ile, na bila usajili na leseni hufanyi kazi ya uuguzi kihalali nchi hii. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 iko wazi. Kabla hujalipa hata fomu, ingia kwenye tovuti ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, uangalie kama chuo kimesajiliwa na kama kozi yenyewe imo. Ni kazi ya dakika kumi na haina gharama zaidi ya bando.

Sasa ada. Kwetu ilizidi kidogo milioni moja na nusu kwa mwaka, unalipa kwa awamu nne. Hiyo ndiyo wanayoitangaza. Wasichokitangaza utakikuta kwenye fomu ya kujiunga: sare pea mbili, viatu, saa ya kubandika kifuani, mashine ya presha na stethoskopu yako mwenyewe, maboksi ya glovu, ada ya mitihani ya Wizara, ada ya NACTVET, bima ya afya ya NHIF (kwetu ilikuwa 50,400), kitambulisho, na rimu za karatasi kila semista. Zile rimu mpaka leo sijui ziliishia wapi, maana maswali ya mazoezi tulikuwa tunatoa kopi kwa pesa zetu stationari ya jirani. Sare nayo lazima ununue kwao. Fundi wa Kariakoo angeishona kwa karibu nusu ya bei, kitambaa kilekile, lakini chuo kilikuwa na maelezo marefu kuhusu rangi ya ukosi. Mkopo usiutegemee. Bodi ya Mikopo imeanza kuwafikia baadhi ya wanafunzi wa diploma, sisi wa cheti tulisomeshwa na wazazi, na mimi nilisomeshwa na kaka yangu mwenye bodaboda.

Tuje darasani, na hapa nitasifia bila kinyongo. Mwalimu wetu wa Misingi ya Uuguzi alikuwa mama aliyestaafu serikalini, hana haraka, hana mzaha. Kipindi cha kunawa mikono alitupaka rangi ya maji viganjani, akatufunga macho kwa vitambaa, akasema naweni kama mnavyonawa siku zote. Tulipofungua macho, vidole gumba vyote bado vina rangi. Katikati ya vidole, rangi. Chini ya kucha ndiyo usiseme. Akatuonyesha hatua moja moja, sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, kisha akatupaka rangi upya turudie. Mimi mpaka leo nikinawa gumba ndilo linanijia kwanza akilini.

Yeye huyohuyo ndiye aliyetuingiza hesabu za dripu vichwani. Lita moja ya maji iingie kwa saa nane, seti yako inatoa matone 20 kwa kila mililita, je, ni matone mangapi kwa dakika? Unachukua 1000 mara 20, unagawa kwa dakika 480, unapata 42 kasoro kidogo. Kwenye karatasi ni hesabu ya darasa la saba. Wodini hakuna mashine ya kuhesabia, unasimama na ile saa yako ya kifuani, macho kwenye matone, mdomo unahesabu, na ukimaliza, ukigeuka tu, ndugu wa mgonjwa anasukuma kile kigurudumu dripu liende mbio waruhusiwe kwenda nyumbani. Yule mama mwalimu alituonya hilo kabla hatujakanyaga wodi. Ndiyo maana nasema darasani nililipia kitu cha maana.

Masomo mengine sitayachambua sana. Anatomia ni ya kukariri, jipange. Mikrobiolojia tulibadilishiwa walimu kila mara na ilionekana kwenye matokeo. Maadili, kompyuta na stadi za mawasiliano ukihudhuria unafaulu.

Chumba cha mazoezi ya vitendo ndipo nilipoanza kuona pengo. Siku ya kufungua chuo wazazi walitembezwa mle ndani wakakuta vitanda vimetandikwa kona za kihospitali, midoli imelala, kila kitu kinang'aa. Tulipoanza kukitumia, mkono wa mdoli wa kuchomea sindano ulikuwa umetobolewa na waliotutangulia hadi ukiweka maji yanatoka sehemu zote isipokuwa kwenye kanula, kile kijibomba cha kuingiza mshipani. Na mkono ulikuwa mmoja kwa darasa zima. Unapanga foleni, unachoma mara moja, kipindi kimeisha. Tuliozoea tukawa tunakuja jioni kumbembeleza mtunza chumba atufungulie.

Kilichotuokoa upande wa ukunga ni MamaNatalie, lile tumbo la bandia ambalo mwenzako anajifunga mbele, anakuwa ndiye mzazi, na ndiye anayeamua mtoto atoke saa ngapi na damu imwagike kiasi gani. Ukimpata mwenzako mwenye roho mbaya atakumwagia yote. Tulifanya mazoezi pale mpaka mpangilio ukakaa: mtoto ametoka, umemkausha, umepapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu nyingi, uniti 10 kwa sindano ya msuli ndani ya dakika moja. Kama chuo unachokwenda kukiangalia hakina hata hicho, waulize wanafunzi wao wanajifunzia wapi kuzalisha. Jibu ukilisikia, fikiria ungekuwa wewe ndiye unayezalishwa.

Neno kuhusu video za mtandaoni, maana wengi tulizitegemea. Nyingi ni za Wamarekani wanaojiandaa kuwa LPN, wauguzi wao wa ngazi ya chini ya RN (muuguzi kamili aliyesajiliwa), wenye mtihani wao wa leseni uitwao NCLEX-PN. Wanafundisha vizuri, mfumo wa moyo nimeuelewa kwao kuliko kwenye noti zetu. Ila jihadhari na vipimo. Kule sukari ya damu wanasoma 90 na wanaona ni kawaida, huku mashine yetu kwa damu ileile inaandika 5, kwa sababu wao wanatumia miligramu na sisi milimoli. Homa wanapima kwa Farenhaiti. Halafu LPN wa kule hasomei kuzalisha, kozi yake kwa kawaida ni ya mwaka mmoja hivi. Sisi wa cheti tunatoka tukiwa wauguzi na wakunga kwa pamoja, na ukipangiwa zahanati ya pembezoni unaweza kuwa zamu ya usiku peke yako na mama mwenye uchungu mlangoni. Hakuna video ya kule itakayokuandaa kwa hilo.

Sasa wodi, na hapa ndipo nina maneno na chuo. Kwenye kipeperushi chao waliandika "mafunzo kwa vitendo katika hospitali kubwa za jijini". Kweli walitupeleka, barua ilikuwepo, tulipokelewa. Baada ya hapo mwalimu wa chuo tulimwona siku ya kutukabidhi na siku ya kukusanya vitabu vya kusaini, katikati alipita kama mgeni. Tulikuwa wanafunzi wa vyuo kadhaa kwenye wodi moja, zamu ya asubuhi inaanza saa moja na nusu, na ukichelewa makabidhiano ya zamu huna kitanda cha kuhudumia siku nzima. Mimi natokea Manzese. Mvua ikinyesha na Jangwani pakajaa maji, barabara inafungwa, hapo ni kuzunguka au kurudi nyumbani.

Kila mwanafunzi ana logibuku, kitabu chenye orodha ya vitu anavyotakiwa kufanya kwa mikono yake, na kila kimoja kisainiwe na muuguzi aliyemsimamia. Kwenye chumba cha kujifungulia ndiyo ilikuwa vita. Mama mmoja anakaribia kujifungua, wanafunzi sita wanamzunguka, kila mmoja anataka saini. Wapo waliosainiwa kwa kusimama tu pale mlangoni, na wapo waliosainiana wao kwa wao usiku hosteli. Chuo kingekuwa na mwalimu wake pale wodini, hayo yasingetokea. Sitalaumu manesi wa hospitali. Wao wana wagonjwa, hawakuajiriwa kulea wanafunzi wa chuo kinachokusanya ada.

Niliponea kwa sista mmoja wa zamu ya usiku. Nilikuwa nimegundua kwamba usiku wanafunzi wengi hawataki kuja, nikaomba nipangwe huko. Siku ya kwanza aliniuliza, "Umekuja kusaini au umekuja kujifunza?" Nikamjibu vyote, sista. Akacheka, akanipa patografu tupu, ile chati ya kufuatilia uchungu, na mama ambaye njia yake ndiyo kwanza imefunguka sentimita tano, akaniambia nisiondoke pale. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kuangalia njia kila baada ya saa nne, kila alama kwenye karatasi wakati uleule, siyo kuzijaza zote asubuhi kwa kukisia. Nilijifunza kusoma ule mstari wa tahadhari na kujua saa ya kumwita daktari kabla mambo hayajaharibika. Kule darasani tulikuwa tumeuchora mara nyingi, tena kwa rula.

Kwa vijana wa kiume wanaoniuliza kuhusu leba: ndiyo, utaingia, ni sehemu ya kozi. Kinamama wengi watakuita dokta hata ukiwaambia wewe ni mwanafunzi wa uuguzi, na wachache watakukataa. Akikataa, unatoka na kumwita mwenzako wa kike, hakuna ubishi. Ukijitambulisha kwa jina, ukaomba ruhusa, ukavuta pazia kabla hujafunua shuka, wengi hawana neno. Bibi mmoja aliyemleta binti yake alinitazama kwanza mikono, akaniambia, "Haya mwanangu, kata kucha hizo kwanza." Nilikata.

Mitihani sitaikuza. Ya mwisho wa semista ni ya Wizara, kwa hiyo chuo hakiwezi kukupendelea, na hilo ni jambo zuri. Ya vitendo inakwenda kwa vituo, kengele ikilia unahama, na kila kituo kuna mtu mwenye karatasi ya alama asiyetabasamu. Waliofanya mazoezi ya jioni walipita, wengi wa waliobaki walikula sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukimaliza bado una mtihani wa Baraza ndipo upate leseni, kwa hiyo usiuze noti zako siku ya mahafali. Ajira ya serikali unaomba kama wengine wote na unasubiri. Mimi kwa sasa niko zahanati binafsi Tabata, nilianza kwa kujitolea.

Chuo nakipa nyota tatu kati ya tano. Mbili za yule mama mwalimu na moja ya MamaNatalie.

Ukienda kukagua chuo, acha kuangalia majengo na basi lenye nembo. Muulize mkuu wa chuo wana makubaliano ya maandishi na hospitali zipi, mwalimu gani anakwenda wodini na siku zipi, na mkono wa mdoli uko mzima au umetoboka. Kisha subiri nje wanafunzi wa mwaka wa pili watoke uwaulize hayohayo, majibu yakitofautiana umeshajua. Mimi level 6 nitaisoma, nimeshaanza kuweka akiba, ila sirudi pale. Naangalia vyuo vyenye hospitali yake, kama Kairuki pale Mikocheni, na nikienda kuchukua fomu nitaomba kwanza kuongea na mwalimu wa wodini.