Veeam Agent ya bure na diski ya TB 2: uzoefu wangu studio

Mimi ni mpigapicha wa harusi na sendofu hapa Morogoro. Sherehe moja inajaza kadi mbili za GB 64 bila shida, hasa ukipiga RAW (picha ghafi, kubwa, ambazo kamera haijazibana), na bibi harusi anaweza kurudi mwaka unaofuata akitaka albamu nyingine ya mama mkwe. Bakapu kwangu ni suala la riziki.

Kabla ya kuanza kutumia Veeam Agent, programu ya bakapu, nilikuwa na Google Drive. Zile GB 15 za bure zinagawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili mengine, kwa hiyo sherehe moja tu haienei. Ukilipia nafasi zaidi bado kuna bando la kupandisha mzigo wote huo. Na hata ungekuwa na bando la kutosha, folda inayosinki si bakapu: picha ikifutwa kwenye laptop, na kule mtandaoni inafutika. Inakaa kwenye pipa la taka siku 30, basi. RAID nayo, ile ya diski mbili kuandika kitu kilekile, inakuokoa diski moja ikifa. Mtu akifuta, inafuta pande zote kwa uaminifu mkubwa.

Ndipo nikachukua diski ya nje ya TB 2 na kuweka Veeam Agent ya Windows, toleo la bure. Ukichomeka diski utaona TB 1.81. Hujaibiwa: kiwandani wanahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024.

Siku ya kwanza programu inatengeneza nakala kamili, faili moja kubwa linaloishia na .vbk. Hiyo iachie usiku mzima, na laptop iwe kwenye chaji. Kuanzia hapo inachukua yaliyobadilika tu, kwenye mafaili madogo ya .vib, na jioni isiyo na kazi mpya inamaliza kabla sijafunga studio. Ila mafaili hayo yanategemeana kama pingili za mnyororo. Ukiingia kwenye folda ukafuta .vib moja ya katikati ili upate nafasi, zinazofuata hazikufai tena; ukifuta .vbk, umefuta zote. Wewe panga tu unataka kurudi nyuma siku ngapi. Siku hizo zikifika mwisho, programu yenyewe inaikunja .vib ya zamani kabisa ndani ya nakala kamili.

Nilichokipenda zaidi ni kurejesha. Kijana wetu wa kuhariri alifuta folda ya sendofu akidhani ni ya majaribio, na pipa la taka akalisafisha kabisa, maana ni mtu nadhifu. Nikafungua dirisha la kurejesha, nikachagua tarehe ya juzi, folda zikatokea kama zilivyokuwa siku ile. Unabofya kulia, inakuuliza: iandike juu ya lililopo, au iliache? Ukichagua iliache, faili linarudi likiwa na neno RESTORED mbele ya jina lake, hakuna kuchanganya. Picha zote zilifunguka. Mteja hakujua lolote, na hana sababu ya kujua.

Kuna kisanduku kimoja cha kuweka tiki ambacho wengi wanakipita: diski ijichomoe yenyewe bakapu ikiisha. Kiwekeeni tiki. Virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa vinafunga kila diski vinayoiona, na ya bakapu vinaipenda zaidi.

Menyu nilizonazo ni za Kiingereza, na mara ya kwanza zinachosha. Ukiweka nywila kwenye bakapu, iandike kwenye daftari, kwa sababu ukiisahau picha zimekwenda. Diski yenyewe, jina nalihifadhi, waya wake ni mfupi na tundu limeshaanza kulegea. Nimeufunga kwa gundi ya karatasi.

Bado inabaki kazi moja ambayo programu haikufanyii. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja ikae mbali. Moto au mwizi akiingia studio, laptop na diski vinaondoka pamoja. Albamu zilizokamilika nazipandisha mtandaoni zikiwa JPEG, usiku, bando likiwa nafuu. RAW zina diski ya pili, inakaa nyumbani kwa dada.

Kama una barua za Word na CV tu, usijisumbue na haya yote. Flashi na Drive vinakutosha.