Tenki la samaki, marini bodi, boksi la plastiki na kabati la chipsi: nimeweka nyoka kwenye vyote hapa Tanga

Wadau habari zenu. Hii naiandika kwasababu kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lile lile, "kaka nyoka nimuweke kwenye tenki la kioo au nichongeshe boksi", na mimi kwenye ile bustani ndogo ya nyoka ya mjomba wangu nje kidogo ya mji nimeshatumia vyote, mwaka wa sita huu, kwa hiyo nasema nilichokishika kwa mikono yangu. Ila kwanza kabisa, nyoka kwa sheria yetu ni mnyamapori, kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, humkamati porini ukamfuga kama paka, lazima kibali. Sisi tunacho. Nenda kaulize ofisi ya wanyamapori kwanza alafu ndo tuongee habari ya vioo.

Kitu kinachonikera ni hiki. Ushauri mwingi wa kufuga nyoka uliopo intaneti umeandikwa na watu wa Uingereza na Marekani, nyumba zao za baridi, wakiwasha hita hewa ya ndani inakauka, kwa hiyo wao wanahangaika joto na unyevu visitoke. Ndo maana utawasikia wanalisema tenki la kioo lenye wavu juu, eti linapoteza joto, na wanasifia boksi la mbao au la PVC kwasababu linatunza. Sasa uchukue maneno hayo mzima mzima uyalete Tanga mwezi wa pili, kaskazi inavuma, mchana nyuzi 32 au 33 kivulini, usiku 24 hukai bila feni, na hewa ya bahari hata taulo ukianika ndani halikauki. Hapa kazi ni kuvitoa hivyo vitu viwili, siyo kuvitunza. Mimi hili limenigharimu na karibu limuue nyoka wangu ninayempenda kuliko wote.

Anaitwa Asali, ni jike la nyoka wa nyumba, yule wa kahawia asiye na sumu ambaye watu wanamuua kila siku bure wakati yeye shida yake ni panya tu. Tenki lake la kwanza lilikua la samaki, mtumba, 90 kwa 45 kwa 45, nilitoa elfu themanini kwa mtu aliyekua anahama Raskazone. Linapendeza jamani, hilo sibishi. Watoto wa shule wakija wanasukumana kuweka pua kwenye kioo, na nyoka unamuona vizuri mpaka macho yake yanapofifia kuwa kama maziwa, hapo unajua siku chache tu anajivua gamba. Alafu kioo hakiozi, mchwa hawali, na ukipata utitiri unatoa kila kitu unaosha kwa maji ya moto na sabuni unaona kona zote, hamna mahali pa mdudu kujificha. Kwenye usafi hakuna kinachoikaribia kioo.

Ila uzito. Kioo cha milimita 5 mita moja ya mraba ni kilo 12 na nusu, hilo tenki langu tupu bila mfuniko ni kilo 20, hujaweka usumba (nyuzi za makumbi ya nazi za kutandika chini), hujaweka bakuli la maji. Tuliliweka karibu na dirisha la mashariki kwasababu ndo palikua na meza imara, na sikufikiria kitu zaidi ya hapo. Siku moja saa tatu asubuhi jua limeshaingia dirishani mimi niko nje nafagia, narudi namkuta Asali amejinyoosha kwenye kona, kichwa juu kimegandana na kioo, mdomo wazi. Nyoka akiachama vile hajakasirika, anakufa na joto. Kipimajoto kinasoma 41. Nilivua kanga kwenye kamba ya mama nikaichovya mtungini nikamfunga nayo nikakaa naye sakafuni kwenye saruji mpaka mchana, mkono wangu unatetemeka. Alipona lakini wiki tano hakula kitu. Kioo kinaruhusu jua kuingia na lile joto halitoki, kuta nne zimezibwa, njia ni ya juu peke yake. Nyoka hana jasho na hana pa kukimbilia. Kwa hiyo ukiwa na tenki, ukuta usiofikiwa na jua hata la jioni, basi, hilo halina mjadala.

Na masika ikaja na yake. Kioo kikaanza kutoa jasho kila asubuhi, chini kule hewa imesimama tu. Mjomba ndo aliyeona, akamgeuza Asali mkononi akaniambia "mjomba hebu njoo uangalie tumbo". Magamba ya chini yana rangi ya kutu, matatu yamenyanyuka pembeni kama ukucha ulioumia. Ndo yanaanza kuoza hivyo. Tulimhamishia kwenye magazeti makavu, tukawa tunabadilisha asubuhi na jioni, akajivua mara mbili ndo akarudi sawa.

Kuna jambo lingine la tenki ambalo nilichelewa kulielewa, unafungua kwa juu. Nyoka mdogo maisha yake yote adui anatoka juu, kipanga, kunguru, paka. Mkono ukishuka kutoka juu yeye hajui kama ni wewe, anajua ni kifo. Asali kwenye tenki alikua anagonga kioo akiona kivuli changu, na nilidhani ana hasira za asili. Tulipombandikia karatasi nyeusi pande tatu akatulia kidogo, kwasababu kioo pande zote ni kama kulala uwanja wa Mkwakwani katikati, lakini ule mkono wa juu ulibaki tatizo.

Marini bodi, yaani zile shiti za plaiwudi, nitaongea kifupi. Seremala alitutengenezea boksi zuri, milango ya vioo mbele, vanishi mikono miwili, tukaliacha wiki tatu harufu iishe. Mwaka wa kwanza safi, nyoka katulia kwasababu ni giza na unafungua kwa mbele. Mwaka wa pili mlango haufunguki, mbao imevimba. Mwaka wa tatu nikabonyeza kona ya nyuma kidole kikazama, mchwa walishakula wameacha vanishi tu kama ganda. Na utitiri ukiingia kwenye maungio ya mbao hutoi, na usithubutu kupuliza ile dawa ya mbu ya kopo, inaweza kumuua nyoka kabla ya utitiri. Kwa mtu wa Lushoto au Amani huko juu ambako mwezi wa saba watu wanalala na blanketi mbili, mbao ndo ningemwambia achukue, kule kutunza joto ni kitu cha maana. Sisi wa chini huku hapana.

Boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, lile la kuwekea nguo, lita 70, elfu ishirini na tano sokoni. Hilo kila mfugaji awe nalo hata moja, kwa nyoka mgeni kukaa peke yake wiki kadhaa kabla hujamchanganya na wengine, kwa mgonjwa, kwa watoto waliotoka kwenye mayai ambao kwenye tenki kubwa wanaogopa hawali. Matundu unatoboa kwa msumari wa moto, ila toboa kutoka ndani kwenda nje ili ile mikwaruzo ya plastiki ibaki nje, ukifanya kinyume anasugua pua mpaka inatoka damu. Huko Marekani kuna watu wanaweka chatu wa Afrika Magharibi, wale wadogo wanaojikunja kama mpira, kwenye droo za plastiki maisha yote, mimi hilo sikubaliani nalo. Nyoka aweze kujinyoosha mwili mzima, akiwa na mita moja na sehemu yake iwe mita moja au zaidi. Plastiki ni wodi, siyo nyumba.

Haya sasa nije kwenye kabati la chipsi. Nilikua nimesimama Ngamiani usiku nasubiri mishikaki, naangalia lile kabati la aluminiamu la muuzaji, kioo mbele upande wa mteja, milango ya kusukuma nyuma upande wake yeye, anachukua kuku bila kumgusa mteja, nikasema ewaa. Mteja ni mwanafunzi, muuzaji ni mimi. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa fundi wa aluminiamu nikamwambia nataka kabati la chipsi 120 kwa 60 kwa 60, akaniuliza nafungua banda wapi, nikamwambia ni la nyoka, alinyamaza kidogo alafu akachukua futi akaanza kupima.

Tulichobadilisha ni hewa. Rafiki yetu mmoja wa Muheza ana tenki la Exo Terra, yaani la kiwandani lililotengenezwa maalumu kwa wanyama kama nyoka, alilotumiwa na ndugu yake, lina milango mbele na chini ya milango kuna ukanda wa matundu, juu wavu, hewa ya moto inapanda inatokea juu na mpya inaingia kwa chini yenyewe bila feni. Hiyo akili ndo tuliyoichukua. Kwa fundi tukaweka ukanda wa wavu wa chuma sentimita 8 chini kabisa upande wa milango na nusu ya paa nayo wavu. Sakafu shiti ya aluminiamu, kona zote silikoni, na silikoni ile ya kawaida inayonuka siki ndo nzuri, usichukue iliyoandikwa inazuia ukungu maana ina dawa ndani yake. Acha siku mbili nzima mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Gharama yote laki mbili na elfu ishirini na usafiri wa guta.

Mwaka wa tatu sasa. Haijavimba, haijaoza, masika iliyopita kioo hakikutoa jasho hata siku moja, mwezi wa pili ndani ni sawa na nje hakuna kuzidi. Asali sasa nafungua kwa nyuma, mkono unaingia pembeni usawa wake, anatoa ulimi ananinusa anapanda mwenyewe. Yule nyoka niliyekua nasema ana hasira. Hakuna kitu kimenifurahisha kwenye kazi hii kama hicho.

Kasoro zake nazisema pia. Ile milango miwili ya kusukuma inapopishana katikati inaacha nafasi kama ya milimita 6 hivi, kwa chipsi sawa, kwa nyoka ni mlango. Dume wetu ana unene wa kidole kidogo, usiku wa kwanza tu akatoka, siku tatu tunamtafuta, mama hakuja bustanini siku zote hizo, tukamkuta nyuma ya gunia la usumba. Dawa yake ni ile brashi ya madirisha ya aluminiamu, ya manyoya, unaibandika kwenye ukingo wa kioo kinachopishana, na kufuli dogo la shokesi la meno meno. Vyote fundi anavyo dukani, ila usipomwambia haweki kwasababu kabati la chipsi halihitaji. Alafu aluminiamu mwezi wa sita na wa saba kusi ikivuma inakua baridi usiku, sisi tunaweka taa ya wati 40 upande mmoja ndani ya kizimba cha wavu, maana nyoka akiifuata taa tupu anaizunguka na anaungua bila kujitoa. Upande mmoja tu, wa pili abaki na ubaridi wake achague mwenyewe.

Na usumba nilioutaja, mtandaoni wanauza matofali ya nyuzi za nazi kwa dola, sisi tunaishi juu ya nazi. Chukua makumbi mapya kwa wauza nazi, ponda, anika. Usichukue yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba, yana chumvi, na kuyaosha mpaka iishe ni kazi ya siku nzima. Miguu ya kabati iweke kwenye makopo ya maji ya sabuni, sisimizi wakimfikia nyoka anayejivua ni balaa.

Chatu msiniulize, chatu wetu huyu wa pwani anapita mita nne, hakuna kabati la mtu yeyote, wetu ana chumba cha matofali na bwawa la saruji. Tenki la samaki sijaliuza, lipo kivulini ukuta wa kaskazini, karatasi pande tatu, linakaa nyoka mmoja wa kijani aitwaye ukukwi ambaye watoto wanampenda, na mfuniko wote ni wavu. Kabati la pili nimeshalilipia nusu, safari hii nimemwambia fundi brashi iwekwe kabisa kabla halijatoka dukani kwake, na nitakwenda na kalamu nyembamba kuliko lile dume nijaribu kuipitisha kila kona ndo nimalizie hela yake.