DROID: programu inayolitambua faili hata likipoteza jina (uzoefu wangu, Nyegezi)

Nina steshenari Nyegezi, Mwanza. Mkate wetu ni kuprinti, kutoa kopi na kubaindi ripoti za wanachuo, ila wateja wanaokuja jasho likiwatoka ni wa flashi. Mtu kaichomoa flashi kompyuta ikiwa bado inaiandikia, au umeme umekatika katikati ya kusevu. Windows ikiikagua flashi hiyo, inaacha folda inaitwa FOUND.000, na ndani yake FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, FILE0002.CHK, mpaka unachoka kushusha ukurasa. Ripoti ya field imo humo. Ipi? Majina yote yamekwenda na maji.

Kwa kazi hiyo natumia DROID. Imetengenezwa na Nyaraka za Taifa za Uingereza, watu ambao kazi yao ni kutunza mafaili ya serikali yasije yakakosa wa kuyafungua. Ni ya bure. Haisumbuki na jina la faili. Inasoma baiti zenyewe na kuzilinganisha na daftari la saini, yaani alama za baiti zinazotambulisha kila aina ya faili, liitwalo PRONOM, ambalo taasisi hiyohiyo inalitunza.

Hizo saini unaweza kuziona kwa macho yako. Chukua .doc ya zamani, ifungue kwa Notepad: takataka tupu, lakini mwanzoni kabisa kuna ÐÏ. Ukiifungua kwa HxD, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja, utaona D0 CF 11 E0 A1 B1 1A E1. Soma zile nne za kwanza kwa utani, D0CF11E0, utaona kuna mtu aliandika docfile. Ukija kwenye .docx unakuta 50 4B 03 04, na hizo mbili za mbele ni herufi PK, za Phil Katz aliyebuni ZIP, mtindo wa kufunga mafaili mengi ndani ya moja. PDF inajitaja yenyewe: %PDF-. RTF nayo inaanza na {\rtf.

Mpaka hapo utasema huhitaji programu. Subiri kidogo. Word, Excel na PowerPoint za 97 hadi 2003 zote zinaanza na baiti nane zilezile. Na .docx, .xlsx na .pptx zote ni ZIP, kwa hiyo zote ni PK. Programu inayochungulia mlangoni tu itakujibu "hii ni ZIP" na kukuacha hapohapo. DROID inaingia ndani. Ikikuta humo alama za Word inajua ni Word, ikikuta za Excel ni Excel. Kwenye zile za zamani inatafuta sehemu inayoitwa WordDocument, au Workbook, au PowerPoint Document. Kila aina ina namba yake ya PRONOM, nami siku hizi nazisoma bila kutazama maelezo: fmt/40 ni .doc ya 97-2003, fmt/412 ni .docx, fmt/214 ni .xlsx.

Kitu kilichonifanya niipende kuliko nyingine ni safu moja kwenye majibu yake, inayosema imejuaje. Kuna jibu la saini, kuna jibu la kuingia ndani ya faili, na kuna jibu la ekstensheni tu, yaani zile herufi za mwisho wa jina kama .docx. Hilo la tatu maana yake imeliamini jina, basi. Mimi nalihesabu kama sijajibiwa. Programu chache sana zinakuambia wazi kwamba hapa nimebahatisha.

Kuna mama mmoja, katibu wa kikundi cha kukopeshana cha wauza dagaa kule Igombe, alileta flashi yenye hesabu za wenzake. "Mwanangu, humo mna pesa za watu," akaniambia, akavuta kiti akakaa. Yeye ana hakika ilikuwa Excel mpya. Ndani ya FOUND.000 hapakuwa na hata .xlsx moja. Lakini DROID ilionyesha faili moja kama hati ya Office iliyofungwa kwa nenosiri. Nikamuuliza, "Mama, uliiwekea nenosiri?" Akacheka: "Ningeiachaje wazi?" Hapo ndipo pa kuelewa: ukiweka nenosiri la kufungulia kwenye .xlsx, Office haiiachi tena kama ZIP. Inaifunga yote ndani ya chombo cha zamani, kwa hiyo inaanza na D0 CF kama .xls ya mwaka 2000. Kama ni Word au Excel, DROID yenyewe haiwezi kujua, maana yaliyomo yamefichwa. Nikaipa .xlsx, ikaomba nenosiri, mama akageuza kibodi upande wake akaandika mwenyewe.

Sasa kasoro. Haibadilishi jina la faili, hata moja. Inakupa orodha, unaitoa kama CSV (jedwali la maandishi matupu), kisha unabadilisha majina mwenyewe. Kwa flashi iliyojaa hiyo ni kazi ya mchana mzima, na kwa jinsi ilivyotengenezwa naona wangeweza kuliongeza hilo bila shida. Inatumia Java, programu saidizi ambayo bila hiyo haiwaki, na kwenye kompyuta yangu ya zamani kuwaka kwake ni wakati wa kumhudumia mteja wa kopi. Maelezo yote ni Kiingereza.

Halafu kuna mafaili yaliyokatika. Orodha ya vilivyomo kwenye ZIP inakaa mwisho wa faili, hivyo .docx iliyopoteza mkia DROID haiwezi kuingia ndani yake ijue ni Word. CHK nyingi ndivyo zilivyo. Hapo siilaumu DROID, flashi ndiyo iliyokula. Faili la .txt au .csv nalo halina saini yoyote, kwa hiyo likishaitwa CHK usitegemee jibu.

Inaweka pia alama ya onyo pale ekstensheni na yaliyomo visipolingana. Kwenye FOUND.000 alama hiyo haina maana, kila faili lililotambuliwa linayo. Kwenye folda ya kawaida ni dhahabu. Wanachuo huniletea .xls walizopakua kwenye mifumo ya mtandaoni, Excel inalalamika wanadhani ni virusi. DROID inasema ni HTML, yaani ukurasa wa wavuti. Unaifungua, unaisevu upya kama .xlsx, umemaliza.

Kama una faili moja tu lililopoteza ekstensheni, achana nayo, Notepad na macho vinatosha kuanzia. Na ikiwa faili limefutwa, DROID hairudishi kitu. Anza na PhotoRec kwanza, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Anayeitaka DROID kwa Windows apakue toleo lililobeba Java yake ndani. Ni zito kwenye bando, ila linakuepusha kuhangaika na Java peke yako.