Duka la vitabu vikuukuu Darajani, na kitabu cha Maha Bandula

Kwa muda mrefu nilikuwa nikitafuta kitabu kinachoeleza kwa kina habari za Maha Bandula, jemadari wa Burma (Myanmar ya leo) aliyepigana na Waingereza, na hatimaye nimekipata katika duka dogo la vitabu vilivyotumika lililo uchochoroni, nyuma ya soko la Darajani. Jalada limefifia kwa hewa ya chumvi na wadudu wametoboa pembe za kurasa za mwanzo, lakini maandishi yote yanasomeka. Kabla sijauliza bei, mwenye duka alikifungua katikati, akanionyesha mahali palipochanika na kuniambia: "Maalim, ramani ya Danubyu haimo. Kaa hapo barazani usome kwanza, ukiridhika tutazungumza." Duka jingine nililoingia asubuhi hiyo lilikuwa limevifunga vitabu vyake vyote kwa nailoni, na mteja haruhusiwi kufungua hata kimoja.

Nilisoma hadi adhana ya alasiri. Kuzaliwa kwake mwaka 1782 na vita vya Manipur na Assam, vilivyompatia jina, mwandishi anavipitia kwa haraka. Utamu unaanza Mei 1824, wakati majeshi aliyoyaongoza mpaka wa magharibi yalipowashinda Waingereza huko Ramu na hofu ikatanda hadi Calcutta, makao makuu ya Waingereza huko India, kumbe Waingereza wenyewe walikwisha kutua Rangoon, bandari ya kusini mwa Burma, kwa njia ya bahari. Mfalme Bagyidaw akamwita arudi, naye akawavusha askari wake milima ya Arakan katikati ya mvua kubwa za Agosti. Sura hiyo nimeisoma mara mbili, kwa sababu inaonyesha uwezo wake halisi kuliko ushindi wowote. Mwezi Desemba alishambulia Rangoon akiwa na watu wapatao 30,000, wakavunjwa na mizinga. Nadhani kosa lake lilikuwa kuwatoa wapiganaji wa msituni na kuwapeleka mahali peupe. Alijihami katika boma la Danubyu, akauawa na kombora tarehe 1 Aprili 1825. Mkataba wa Yandabo wa Februari 1826, uliomaliza vita hivyo, uliipokonya Burma majimbo ya Arakan na Tenasserim, na kuitoza fidia ya pauni milioni 1.

Nilipokuwa nikilipa, mwenye duka alinikumbusha jambo ambalo kitabu hakilitaji: ni mwaka 1824 huohuo ambapo Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipandisha bendera ya nchi yake Mombasa kwa ombi la Wamazrui, watawala wa mji huo, waliokuwa wakimkhofu Seyyid Said, mtawala wa Oman, na bendera hiyo ikashushwa 1826. Nimefundisha habari za Owen miaka mingi bila ya kuziweka pamoja na vita vya Burma, na nilimshukuru kwa dhati. Muuzaji anayeisoma bidhaa yake kiasi hicho ni wa kuthaminiwa.

Bei ilikuwa shilingi 15,000, akapunguza 3,000 kwa ajili ya ramani iliyokosekana, bila ya mimi kuomba. Anayekusudia kwenda aende asubuhi, kwani taa ya ndani ni moja tu, na vitabu vya historia vimepangwa rafu ya chini kabisa, kando ya ukuta wenye unyevu, mahali ambapo ningependa sana vihamishwe kabla ya masika.