Skana ipi ununue ili nyaraka zako zipite kwenye barua pepe

Mkataba wa kurasa kumi ukifika MB 40, barua pepe inagoma, na wengi hukimbilia dukani: skana kubwa zaidi, programu ya kubana mafaili, au nafasi ya ziada ya kulipia mtandaoni. Mara nyingi fedha hiyo inapotea bure. Ukubwa wa faili huamuliwa karatasi ikiwa bado chini ya taa ya skana, na wanaoamua zaidi ni wawili: dpi (idadi ya nukta ambazo skana husoma kwa kila inchi) na rangi. Ndiyo maana nimepanga vifaa hivi kwa kuangalia kipi kinakuachia wewe mwenyewe uamuzi huo.

Karatasi ya A4 kwa dpi 300 ina pikseli, yaani nukta, takriban milioni 8.7. Kwa rangi kamili, kabla ya kubanwa, ukurasa mmoja unafika MB 26. Kwa kijivu haufiki MB 9, na kwa nyeusi na nyeupe tupu ni MB 1 na ushee. Ukishuka hadi dpi 150, pikseli zinabaki robo.

Upande wa kutuma nako kuna ukuta. Gmail inaishia MB 25. Seva ya ofisi inayotumia Exchange, programu ya barua pepe ya Microsoft, ikiachwa kama ilivyosimikwa, huishia MB 10. Tena kiambatisho huvimba kwa theluthi moja hivi kikiwa njiani, kwa kuwa barua pepe hukigeuza kuwa herufi kabla ya kukisafirisha. Kwa hiyo faili la MB 8 linaweza kurudishwa na seva ya MB 10. Lenga MB 5 kwa barua nzima, utalala usingizi.

1. Skana ndogo ya kioo, pamoja na NAPS2

Kwa mtu anayetuma vyeti, mikataba na risiti kila mwezi, hapa ndipo pa kuweka fedha. Canon LiDE 300 ni mfano mzuri: nyembamba, inapata umeme kwa waya uleule wa USB unaoingia kwenye kompyuta, haina wino wa kununua. Muuzaji atakusogeza kwenye LiDE 400 kwa sababu inafika dpi 4800 wakati 300 inaishia 2400. Usimsikilize. Kwa nyaraka za barua pepe utatumia 200, labda 300, basi.

NAPS2 ni programu ya bure, inakaa kwenye kompyuta yako, iwe Windows, Mac au Linux. Inakuruhusu kutengeneza mipangilio miwili ukaihifadhi: mmoja wa barua za kawaida, kijivu kwa dpi 200, na mwingine wa rangi kwa vyeti.

Hapo kwenye vyeti nasisitiza. Nakala iliyothibitishwa na wakili ina muhuri, mara nyingi wa bluu, uliogongwa juu ya maandishi. Ukiskani kwa nyeusi na nyeupe tupu, wino wa muhuri unageuka doa jeusi na kumeza jina au namba iliyo chini yake. Faili litakuwa dogo kweli, lakini atakayelipokea hatalikubali. Cheti chenye muhuri kiende kwa rangi, dpi 200, hata kama kitazidi uzito kidogo.

Kasoro ya skana hizi ni kwamba zinaona karibu tu. Kitabu kinene, sehemu ya katikati isiyogusa kioo hutoka na ukungu.

2. Simu uliyonayo

Haikugharimu kitu, na kwa kurasa mbili tatu inatosha kabisa. Google Drive kwenye Android ina sehemu ya kuskani, iPhone inayo ndani ya Notes, na Adobe Scan inapatikana kwa zote mbili. Kosa linaloleta mafaili mazito ni kupiga picha ya kawaida na kuiambatisha hivyo hivyo: kamera ya megapikseli 12 (pikseli milioni 12) tayari inazidi A4 ya dpi 300, na juu yake inabeba kivuli cha mkono na mikunjo ya karatasi, vitu ambavyo havibaniki vizuri. Tumia sehemu ya kuskani, chagua kijivu, weka karatasi karibu na dirisha mchana. Nimeiweka ya pili kwa sababu hukuachia uamuzi mdogo kuhusu dpi, na kurasa thelathini kwa mkono ni mateso.

3. Skana ya kuvuta karatasi yenyewe

Hii ni ya ofisi: wahasibu, mawakili, shule wakati wa usajili. ScanSnap iX1600 hubeba karatasi 50 kwa mkupuo na kusoma pande zote mbili. Ila kwenye Windows haikubali kuendeshwa na NAPS2. Utafungwa kwenye programu yake. Kwa sababu hiyo ningetazama kwanza familia ya Brother ADS. Kwa matumizi ya nyumbani, bei ya skana za aina hii haina maelezo.

4. Programu za kulipia za kubana

Acrobat Pro inafanya kazi yake vizuri, lakini kwa kupunguza ukubwa tu, PDF24 Creator ya Windows inafanya bure na bila intaneti. Ukibana, hakiki namba zote. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kuwa mashine za kuskani za Xerox WorkCentre zilibadilisha tarakimu zenyewe: kwenye ramani ya nyumba, chumba cha mita za mraba 21.11 kilitoka kimeandikwa 14.13. Mbinu ya kubana ilikuwa ikitafuta maumbo yanayofanana na kuweka moja mahali pa jingine. Xerox ilitoa marekebisho, lakini somo lile linahusu kila ankara na kila hati ya kiwanja.

5. Tovuti za kubana

iLovePDF na Smallpdf ni rahisi, na kwa ratiba au tangazo sina neno. Lakini kitambulisho cha NIDA, mkataba wa mteja au cheti cha daktari hupaswi kukipandisha kwenye seva ya mtu mwingine. Ofisi inayoshika nyaraka za watu hapa Tanzania inabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wanayo ya 2019.

Ukienda dukani, beba cheti chako chenye muhuri na flashi. Mwambie muuzaji akiskani kwa rangi, dpi 200, kisha fungua PDF hapo hapo, vuta karibu sehemu ya muhuri usome herufi zilizo chini yake, na utazame faili lina MB ngapi. Akikosa mahali pa kubadilisha dpi, usitoe hela.