Hema la Kuoteshea Ndani: Limetengenezewa Bangi, Je, Linafaa kwa Pilipili Mbuzi na Mchicha?

Haya, karibuni tena watazamaji wangu, hamjambo? Hapa Hamburg ni Januari. Jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi na robo limeshazama, na hizo saa chache zenyewe zinaliwa na mawingu. Ukisia mbegu dirishani msimu huu, miche inarefuka kama vijiti, inalala, inakufa. Ndiyo maana leo tunaichambua hii seti: hema la sentimita 60 kwa 60, urefu 160, taa ya LED, feni ya kutolea hewa, chujio la mkaa na taima. Seti za ukubwa huu zinakwenda kama euro 200 hadi 300. Chapa siitaji. Sijalipwa na mtu, na kuna mahali nitaisema.

Sasa tuelewane mapema. Hema hili aliyelibuni hakuwa na mchicha kichwani, alikuwa na bangi. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima kuwa na mimea isiyozidi mitatu nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, na vifaa hivi vinauzwa kwa ajili ya wateja hao. Kwetu Tanzania, au hapo jirani Kenya, mmea huohuo ni kesi, kwa hiyo wa nyumbani msiniulize habari zake. Mimi humu nimesia pilipili mbuzi na mchicha. Swali langu ni moja: katika haya yote yaliyomo kwenye boksi, kipi kinamfaa mwenye pilipili, na kipi tunamlipia mwenye bangi?

Tuanze na taa, maana pesa yako nyingi imekaa hapo. Angalieni boksi: 1000, tarakimu kubwa kama bango la uchaguzi. Ngoja nichomeke mita ya umeme kwenye soketi, halafu taa juu ya mita. Mnaona? Wati 98. Ile 1000 ni jina tu la biashara, mtindo wa miaka mingi kwenye taa hizi. Ukinunua, usisome ubavu wa boksi, tafuta mahali palipoandikwa umeme unaovutwa kweli. Kwa hema la ukubwa huu wati 100 zinatosha, wala simlaumu fundi wake. Namlaumu aliyeandika boksi.

Hesabu ya bili sasa. Wati 100 kwa saa 16 ni uniti 1.6 kwa siku, uniti 48 kwa mwezi. Kwa senti 35 kila uniti, unalipa euro 17 hivi. Kama lengo lako ni kubana matumizi, nunua mboga dukani, yaishe. Hii ni kwa sisi tunaotaka mchicha wenyewe, uliochumwa sasa hivi, siyo spinachi ya barafu.

Mwanga wake ni mweupe wenye nukta chache nyekundu, na hapo wamepatia. Zile za zamani zenye mwanga wa zambarau zinaotesha, sikatai, lakini chini yake kila jani linaonekana jeusi. Huwezi kujua lipi limepata manjano na lipi lina wadudu mpaka uzime taa.

Nisogeze kamera hapa ubavuni. Kuna swichi mbili, moja ya majani, nyingine ya maua, na kitabu cha maelekezo kinasema ukitaka maua punguza mwanga hadi saa 12 kwa siku. Hapa mtu anayeanza anapotezwa! Bangi za kawaida zinahesabu urefu wa usiku; usiku ukiwa mrefu ndipo zinatoa maua. Pilipili haina habari na usiku, inatoa maua ikikomaa. Ukiipunguzia saa umeinyima chakula tu. Mchicha ndio mbaya zaidi: siku zikiwa fupi unakimbilia kutoa mbegu, na majani yanabaki madogo, magumu. Kwa hiyo swichi zote mbili ziwashwe, taima iwekwe saa 16, na ibaki hapo toka mbegu mpaka mavuno. Wala usiwashe saa 24 ukidhani unaharakisha.

Urefu wa kuning'iniza: miche ikiwa michanga, sentimita 50 hivi juu yake, na nguvu ya taa uipunguze kwa hiki kitufe cha kuzungusha. Pakua programu ya kupima mwanga kwenye simu, iweke simu pale palipo na mche. Kwa taa nyeupe, lux 10,000 hadi 15,000 zinamtosha mtoto. Pilipili ikianza kubeba matunda, panda hadi 30,000 na zaidi. Njooni muone huyu mche wa kushoto. Kingo za majani zimejikunja kwenda juu, kama mkono unaokinga maji. Hapo mwanga umezidi. Huyu wa pembeni shina jembamba, limeinama kuelekea katikati. Huyu haupati.

Hema lenyewe sawa. Kitambaa cha ndani kinachong'aa kinarudisha mwanga kwenye mimea, na unyevu haukuharibii ukuta wa mwenye nyumba. Wanajisifia sana zipu isiyopitisha mwanga hata chembe. Hiyo nayo ni ya bangi, isije ikashtuliwa usiku. Pilipili yako hata ukiifungulia zipu saa nane za usiku umulike na tochi, haijali.

Chujio la mkaa toeni. Kazi yake ni kumeza harufu ili jirani asijue unaotesha nini. Mchicha unanuka nini? Linakula nafasi juu ya hema na linailazimisha feni ihangaike. Feni ibaki, maana hewa iliyotuama ndiyo mwanzo wa kinyausi, ule ugonjwa wa shina kuoza pale linapotokea ardhini, na mche unaanguka asubuhi wakati jana ulikuwa mzima. Ila kwa kelele yake, chumba cha kulala hapana.

Kitu muhimu kuliko vyote hakimo kwenye boksi: joto la chini. Pilipili mbuzi inataka udongo wa nyuzi 25 hadi 30 ili iote. Chumba cha hapa wakati wa baridi ni nyuzi 19, na taa ikizimwa joto la hema linashuka. Mchicha utaota kwa siku chache, pilipili itakaa wiki mbili, tatu, na wengine hapo wanamwaga udongo wakidhani mbegu mbovu. Nunua kimkeka cha umeme cha kupasha trei, ukitoe mbegu zikishachomoza.

Kuhusu udongo, wamenipa tofali la makumbi ya nazi yaliyosagwa. Ndiyo, makumbi! Watu wa Tanga na Mombasa, msicheke, huku tunayanunua kwa euro. Unalitia maji ya uvuguvugu linaumuka mpaka ndoo inajaa. Ni mazuri, mizizi inapumua, lakini ndani yake karibu hakuna chakula. Majani mawili ya kweli, yanayofuata yale ya kwanza ya mbegu, yakishatoka, anza mbolea ya maji, kidogo kidogo, na iwe yenye kalisi.

Ukimwagilia kila siku utaleta vijidudu vyeusi vinavyoruka juu ya udongo. Watoto wao wanakula mizizi. Acha uso wa udongo ukauke, tega karatasi za njano zenye gundi. Wakizidi, kuna dawa ya bakteria aina ya Bti ya kuchanganya na maji. Ni bakteria walewale wa kuua viluwiluwi vya mbu wanaozalishwa kwenye kile kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa ushirikiano na Wacuba.

Hukumu yangu: msinunue seti. Nunueni taa nzuri peke yake, taima, feni ndogo ya mezani na kimkeka. Rafu yoyote ya chuma itabeba hivyo. Hema lichukueni kama nyumba ni ya baridi sana, au kuna paka.

Halafu wengi mnaniuliza kwenye meseji, "Dada, nibebe mbegu kutoka Kariakoo?" Msibebe. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa mbegu za kupanda zinazoingia na abiria, hata pakiti moja, na za pilipili na nyanya zimewekewa masharti ya ziada. Nenda duka la Kiafrika mtaani kwako, chagua pilipili mbuzi iliyoiva nyekundu au ya njano, siyo ya kijani, vaa glovu, toa mbegu, zianike kwenye karatasi kivulini. Usijiguse macho.